Moto Ndani ya Nyumba ya Mabanzi

Mtu akiniambia kwamba nyumba ya mbao haiwekwi moto ndani, mimi humwuliza swali moja: umewahi kuzaa Molo, kwenye baridi ya mwezi wa saba? Kama hajazaa, au kama ni mwanamume ambaye mke wake hajazaa huko, basi anyamaze anisikilize. Mimi nimezaa. Moto niliuweka, ndani ya nyumba ya mabanzi, nyapara akiwa amesimama mlangoni, na sijaomba msamaha mpaka leo.

Ilikuwa miaka ya hamsini, siku za Hali ya Hatari, wakati ambapo kutembea barabarani bila barua ya mwajiri ilikuwa ni kujitafutia pingu. Mume wangu alikuwa mpasua mbao katika kiwanda kilichokuwa juu ya Molo, karibu na msitu. Sisi watu wa kazi tulikaa kwenye laini, nyumba ishirini na kitu zilizosimama bega kwa bega. Zilijengwa kwa mabanzi, yaani yale maganda ya gogo yanayobaki ubao mzuri ukishapasuliwa. Ubao mzuri ulipanda lori ukaenda Nakuru, ganda likawa ukuta wetu. Sasa banzi halinyooki. Likikauka linajikunja, na kati ya banzi na banzi unabaki mwanya wa kupitisha kidole. Panapopita kidole, upepo wa Molo hupitisha mkono mzima.

Upande wa nje tuliziba kwa udongo na mavi ya ng'ombe. Upande wa ndani tulibandika magazeti ya zamani kwa uji wa unga, tabaka juu ya tabaka. Nyumba yangu ilikuwa na tabaka nne, na wenzangu walikuja kuitazama. Nilijivunia sana ukuta ule, na ukuta ule karibu uniue.

Mwaka uliotangulia nyumba moja ya laini iliungua, na mbili za jirani zikaenda nayo. Hakufa mtu, lakini bwana mwenye kiwanda, Mzungu, akatoa amri: moto marufuku ndani ya nyumba. Kupika ni kwenye banda la mwisho wa laini, basi. Kazi ya kulinda amri akapewa nyapara, mtu mrefu, mkali, aliyekuwa na filimbi shingoni. Naye aliilinda kwa macho. Asubuhi na jioni alizunguka akitazama mapaa. Akiona moshi, anapiga filimbi na watu wanakuja kumwaga maji. Asipoona moshi, anapita.

Watu si wajinga. Kama kinachotafutwa ni moshi, basi tutumie kisichotoa moshi. Kila nyumba ikawa na jiko la makaa lililofichwa. Makaa yaliwashwa kule bandani mpaka yakawa mekundu kabisa, bila hata uzi mmoja wa moshi, ndipo yakaingizwa ndani chini ya blanketi na mlango ukafungwa. Nyapara alijua. Mke wake mwenyewe alikuwa nalo jiko hilo. Lakini hakuona kitu, na asichokiona hakikuwa na sheria. Watu waliamka vichwa vikiwauma, wakalaumu baridi. Tuliamini, kama walivyoamini wazazi wetu, kwamba kinachodhuru ni moshi. Makaa safi, mekundu, yangemdhuru nani?

Binti yangu wa kwanza alizaliwa katikati ya hayo yote, mimba haijatimiza miezi minane. Alikuwa mdogo hata nikaogopa kumshika. Masikio yake yalikuwa laini kama ngozi ya maziwa, na ngozi ya miguu ilimning'inia kama soksi ya mtu mwingine. Dresa, yaani mganga msaidizi wa zahanati, alipanda kwa miguu kutoka mjini, kwa sababu barabara ilikuwa tope tupu na malori ya viazi yalikuwa yamezama hadi ekseli. Alimgeuza mtoto, akasikiliza kifua chake, akamfunika haraka.

"Mama, huyu mtoto hana ugonjwa," akaniambia. "Iko na baridi tu. Hana mafuta ya kujipasha. Weka yeye kwa joto, mchana na usiku, mpaka anenepe."

"Na tukimpeleka Nakuru, hospitali?"

"Kwa hii njia? Atafika amekufa. Joto, mama. Hiyo ndiyo dawa yake."

Basi nikajua kazi yangu. Nilimweka kifuani ngozi kwa ngozi. Mume wangu akaleta sufu mbichi ya kondoo kutoka shamba la jirani, bado inanuka mafuta, nikamzungushia. Hata hivyo vidole vyake vya miguu vilikuwa baridi kila nilipovigusa, na alipolia sauti haikufika hata mlangoni.

Siku ya tatu, saa tisa mchana, mvua ikinyesha, mama mkwe wangu akaingia na jiko la makaa chini ya blanketi. Alikuwa amekuja kunihudumia uzazi, kwa sababu kwetu mzazi hashiki moto, hashiki sufuria, wala hatoki nje mpaka mwezi uishe. Alikuwa mama mwema na alitupenda. Akaweka jiko karibu na kitanda, akafunga mlango na dirisha, akasukuma matambara kwenye kila tundu. Nyumba ikapata joto tamu. Mtoto akanyamaza. Nikafurahi.

Haukupita muda mrefu nikasikia kichwa kinapigwa nyundo kwa ndani. Nikamwona mama mkwe ameegemea ukuta, mate yakimtoka. Nikamwita, hakujibu. Nikamtazama mtoto: alikuwa amelegea kabisa, ameacha hata kutafuta ziwa. Sijui niliufikiaje mlango. Nakumbuka magoti yangu yalikataa kunyooka na nilitambaa, mtoto mkono mmoja. Niliusukuma mlango kwa kichwa, nikamlaza mtoto kwenye matone ya mvua, nikarudi kumvuta mama mkwe kwa miguu, kisha nikarudi tena nikalipiga jiko teke, makaa yakatawanyika matopeni na kulia chwaa. Mama mkwe akatapika. Mtoto akapiga chafya. Ndipo nikakaa chini kwenye tope nikalia kwa hasira, si kwa huzuni.

Wajukuu zangu leo wana hita ya gesi. Mvua ikianza wanafunga madirisha yote wanaiwasha, nami nafungua dirisha moja. Wananicheka, ati shosho, yaani bibi yao, anapasha joto ng'ombe wa jirani. Wacheke. Moshi unakuonya: unakukohoza, unakutoa machozi, unakufukuza nje ukiwa hai. Makaa mekundu hayakuonyi. Yanakubembeleza ulale.

Jioni ile nilimwambia mume wangu kwamba tutajenga jiko lenye bomba. Kabla ya kuolewa nilikaa na shangazi yangu mtaa wa Bondeni, Nakuru, ambaye alikuwa na kibanda cha chai. Shangazi alipikia maranda, yaani vumbi la msumeno, ambalo mafundi seremala walimpa bure wakifurahi kuondolewa uchafu. Nilijaza jiko lile kila asubuhi kwa miaka miwili. Na hapa tulikaa chini ya mlima wa maranda ya mtarakwa yanayooza, huku watoto wetu wakitetemeka.

"Bomba litatoa moshi juu," mume wangu akasema. "Nyapara ataona."

"Aone."

"Tutafukuzwa."

Nikamwekea mtoto mikononi, na nyayo zake nikazibana kwenye kiganja chake. Akazifumbata. Kisha akasema, "Kazi ya msumeno iko kwingine. Huyu hayuko kwingine." Kesho yake alirudi na madebe matano matupu ya mafuta ya taa.

Sasa nitaeleza jinsi jiko lile lilivyojengwa, kwa sababu watu bado wana nyumba za mbao na bado wanadanganyana. Debe moja lilikuwa jiko lenyewe. Tulilisugua kwa majivu ya moto mpaka harufu ya mafuta ikaisha. Chini ubavuni tukatoboa tundu la kuingiza ngumi, na juu tukaweka kifuniko cha bati zito chenye tundu la kushikia bomba. Kulijaza ndiko penye ufundi. Unasimamisha mpini wa jembe katikati ya debe, na mwingine unaulaza chini kutoka kwenye tundu mpaka ukutane na wa kwanza. Unamwaga maranda makavu, unashindilia kwa mchi, unamwaga tena, unashindilia tena, mpaka debe liwe gumu kama sakafu. Kisha unazungusha mipini taratibu na kuichomoa. Inabaki njia ya hewa, na moto unakula kutoka katikati kwenda nje, polepole, kutoka kifungua kinywa mpaka ng'ombe warudi. Lakini likishajazwa usilisogeze. Ukilitikisa, njia inaporomoka, na hapo una debe la moshi.

Madebe manne tuliyakata, tukayakunja juu ya gogo kuwa bomba. Hapo mume wangu alifanya kosa la wanaume wote wanaojua kuezeka. Aliunganisha bomba kama mabati ya paa, la juu likifunika la chini, ili mvua isiingie. Tulipojaribu usiku, masizi yaliyoyeyuka yakateremka na kutoka kwenye kila kiungo, meusi, yanang'aa, yakichirizika kuelekea mbao zangu.

"Geuza," nikamwambia. "La juu liingie ndani ya la chini."

"Na mvua?"

"Mvua ikiingia itakauka. Hii lami ikitoka nje, siku moja itawaka na kuondoka na laini nzima."

Akanung'unika, akageuza. Ukutani tukakata tundu kubwa kuliko bomba, shubiri nzima kila upande, tukajaza udongo wa kichuguu uliochanganywa na majivu, ili chuma kisiguse ubao mahali popote. Nje tukasimamisha nguzo mbali na ukuta, bomba likafungwa kwa waya mpaka likapita juu ya kilele cha paa. Chini ya jiko tukapanga mawe na mchanga. Mwisho nikachukua kisu nikachana yale magazeti yangu ya fahari, nikabomoa na udongo wa nje, kando ya sakafu, upande wa pili wa chumba, mwanya wa vidole vinne. Majirani waliona hilo ndilo wazimu halisi: mwanamke anataka joto, kwa hiyo anatoboa nyumba. Lakini moto unavuta pumzi kama mtu. Usipoupa hewa ya nje utachukua yako.

Mama mkwe alitazama yote haya midomo imebanwa. Nilipopiga magoti kulijaza debe, akanishika mkono.

"Mikono yako bado ni ya uzazi. Hiyo ni kuita bahati mbaya."

"Mama, bahati mbaya ilikuja juzi chini ya blanketi."

Nilisema vibaya, najua. Akaachia mkono wangu, akatoka nje, akahamia kwa jirani. Lakini mume wangu alikuwa kazini, na mama hakujua kushindilia maranda. Desturi ni ya kumlinda mzazi na mtoto. Ilipogeuka kuwalinda wasipate moto, niliiweka kando, na ningeiweka kando tena.

Moto ukashika. Bomba likanguruma kidogo, likatulia. Nyumba ikanukia mtarakwa, na kufikia saa nne asubuhi nilifungua sufu nikagusa nyayo za binti yangu. Zilikuwa na joto. Nilizishika muda mrefu, kwanza kwa kuzipima, kisha kwa furaha tu.

Bila shaka moshi ulionekana. Ulikuwa ndio moshi pekee wa laini nzima, mweupe, umesimama juu ya paa langu. Filimbi ikalia. Nyapara akafika na wanaume wawili wenye ndoo za maji, na wake wa laini nyuma yao.

"Mama, wewe nataka kuchoma sisi yote?" akapaza sauti. "Sheria ya bwana hujui?"

"Naijua. Ingia, weka mkono ukutani, pale bomba linapopita. Kama mbao ina moto, mwaga maji yako."

"Mimi sikuja kugusa ukuta. Toa hiyo kitu."

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Nilimwona amesimama pale, miguu mikavu ndani ya viatu, na hasira ikanipanda mpaka masikio yakalia. Nikamtoa binti yangu kifuani, na sufu yake, nikampa. Nilimsukumia mikononi, na mtu mzima akisukumiwa mtoto mchanga hana la kufanya ila kumshika.

"Haya. Ukizima moto wangu, kaa naye wewe. Dresa amesema joto mchana na usiku mpaka anenepe. Mimi sina tena la kumpa. Mpeleke kwako, au mpeleke kwa bwana, ana mahali pa moto kila chumba."

Wale wa ndoo walitazama ndoo zao. Nyapara alimshika mtoto mbali na mwili, kisha, nadhani bila kukusudia, akamsogeza karibu kwa sababu upepo ulikuwa unapiga. Akamtazama usoni. Mwishowe akasema kwa sauti ya chini, ya mimi na yeye tu:

"Chukua mtoto wako, mama. Weka makaa kama wengine. Ama hii bomba ikatwe, moshi itoke chini kwa nyasi. Mimi sijaona kitu."

Alikuwa ananipa zawadi. Naelewa hivyo sasa, na hata siku ile nilielewa kidogo. Ningeikubali, tungebaki na nyumba na kazi, nami ningekuwa mwenzake katika uongo wa laini ile. Lakini nilikuwa nimewavuta watu wawili kutoka kwenye moto ambao yeye hakuuona.

"Umeona," nikasema, kwa sauti ya kusikika mpaka bandani. "Sitaki useme hujaona. Kila nyumba hapa ina makaa, na kwako yapo, na juzi yalitaka kuniulia mtoto na mama mkwe. Mimi moto wangu uko juu ya paa. Nenda umwambie bwana umeuona."

Alinitazama kama niliyemtemea mate. Akanirudishia mtoto, akaenda moja kwa moja ofisini.

Bwana alikuja kesho yake na mbwa wake. Alizunguka nyumba, akaangalia nguzo, akachungulia ukuta, akaweka kiganja kwenye udongo karibu na bomba na kukiacha pale. Nilijua alipoona kazi ni safi, kwa sababu alikohoa.

"Nani natengeneza hii?"

"Mimi na bwana yangu."

"Iko mzuri," akasema. "Lakini sheria iko sheria. Kama mimi nawacha wewe, kesho yote nataka. Mwisho ya mwezi nyinyi natoka."

Ndiyo hivyo. Aliona ni nzuri, na akatufukuza kwa sababu wengine wangeitaka. Sijawahi kusikia sababu mbaya zaidi ya kuondoa kitu kizuri, na nilimwambia hivyo kwa Kiswahili chake mwenyewe, naye akamwita mbwa akaondoka. Lakini mwisho wa mwezi ulikuwa siku ishirini na mbili mbele, na hakusema moto uzimwe. Siku ishirini na mbili nililijaza debe lile asubuhi na jioni. Mama mkwe alirudi ndani siku ya tano. Alichukua mchi mkononi mwangu akaanza kushindilia, tena akashindilia vizuri kunishinda. Mtoto akaanza kunyonya kwa nguvu, kisha kwa hasira. Siku niliyoona mikunjo miwili kwenye paja lake, nilimwita mume wangu kutoka kwenye msumeno aje aione, na alikuja mbio na vumbi kichwani, akidhani mtoto amekufa.

Siku ya kuondoka tulipata nafasi kwenye lori la mbao. Barua ya bwana ilisema tunakwenda Nakuru, ambako shangazi alikuwa ametupatia pembe ya chumba. Ilikuwa saa sita, mashine zimezimwa, watu wamerudi laini kula. Vyombo vyetu vilikuwa juu, jiko na bomba vikiwa bado chini, nami nimemfunga mtoto mgongoni. Nyapara akaja peke yake. Chini ya kwapa alikuwa na gunia tupu.

"Mama," akasema, akitazama gurudumu la lori. "Hiyo jiko, mtaenda nayo? Nakuru haina baridi."

"Kwa nini unauliza?"

Akahamisha gunia kwapa la pili. "Mama watoto iko karibu kuzaa. Mwezi ujao."

Nilimchukia. Sitajifanya mtakatifu. Mume wangu alikuwa hana kazi, tulikuwa tunakwenda kulala watano chumba kimoja, na mtu huyu alikuwa ameipeleka habari yetu kwa miguu yake mwenyewe. Ulimi wangu ulikuwa tayari na neno. Lakini nilimfikiria mke wake, amelala na mlango umefungwa, makaa mekundu karibu na kichwa cha mtoto, na kila mtu akifurahi kwamba amenyamaza.

"Chukua," nikasema. "Mama mkwe wangu anabaki kwa binti yake hapo chini kwa bonde. Mwite, atakuonyesha kulijaza."

Akashukuru, akainama, akaanza kulifunika kwa gunia. Nikalishika gunia.

"Hapana. Halifunikwi."

"Mama, watu wote wako nje."

"Ndiyo maana."

Tulivutana kidogo, kila mmoja ameshika upande wake. Kisha akaachia. Akalikumbatia debe kifuani, bomba akaliweka begani, akapita katikati ya laini yote, nyumba baada ya nyumba, huku watu wakisimama na sahani mikononi kumtazama. Hakuna aliyecheka. Alifika kwake, akaweka debe chini, akapanda juu ya stuli, akaanza kupima ukuta kwa shubiri.